Leja Mkono Huu, Msimbo Mkono Ule: Nilichokifuata Katika Uzamili wa Fedha na Teknolojia

Kwa miaka minne nilifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya pili ya benki moja jijini Dar es Salaam, nikisuluhisha hesabu za miamala ya simu. Kila siku saa moja asubuhi nilikuta mafaili mawili yananisubiri, moja la benki yetu na jingine la kampuni ya simu. Yote mawili yalidai kueleza yaliyotokea jana, na hakuna asubuhi hata moja yalipokubaliana. Mteja amehamisha shilingi 50,000 kutoka benki kwenda kwenye simu yake. Sisi tumekata, kampuni ya simu haina habari. Mwingine amekatwa mara mbili na kupokea mara moja. Mwingine, mwenye bahati yake, hakukatwa kabisa na pesa zikaingia, na huyo kamwe hakupiga simu kulalamika. Nililinganisha mistari kwa Excel, iliyokosa mwenzake nikaihamishia kwenye akaunti ambamo pesa huegeshwa mpaka mwenyewe ajulikane, na jioni nikaandika taarifa. Kwenye safu ya sababu niliandika neno moja ambalo ofisi nzima ililipokea kama maelezo kamili: "mtandao".

Neno hilo ndilo lililonirudisha shule. Nilitaka kujua huo mtandao ulikuwa umefanya nini hasa saa nne na robo usiku mpaka pesa za mtu zikawa mahali pawili, au zisiwe popote. Wahasibu wenzangu hawakuwa na jibu, na wala halikuwasumbua. Watu wa TEHAMA wa ghorofa ya nne walizijua seva zao kwa majina, lakini hawakuelewa kwa nini mtu mzima ashinde na njaa kwa ajili ya shilingi mia tatu zisizolingana. Kati ya ghorofa ya pili na ya nne kulikuwa na ngazi tu, na hakuna aliyezipanda ila umeme ulipokatika.

Wiki chache zilizopita binti mmoja ninayefanya naye kazi siku hizi, mwenye shahada ya uhasibu na mwaka mmoja wa kazi, alinifuata wakati wa chai akaniuliza: "Dada, shikamoo. Hivi ile masta yako ya fedha na teknolojia ina faida, au ni jina tu?" Nilimjibu kwa mkato kwa sababu watu walikuwa wengi mezani. Jibu refu ni hili.

Nianze na aibu. Sekondari nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, maana yake hisabati yangu iliishia BAM, ile hisabati ya msingi ya wasiochukua hisabati kamili, na kwa muda mrefu niliamini kuwa mhasibu hahitaji zaidi ya hapo. Nilipozisoma sifa za kujiunga na kozi hizi nikakutana na aljebra ya mstari, uwezekano, takwimu na kalkulasi. Nilinunua vitabu vya hisabati vya kidato cha tano na sita pale Kariakoo, na kwa miezi mitano nikavisoma usiku, nikifanya maswali ambayo mpwa wangu wa miaka kumi na saba aliyamaliza kabla sijachonga penseli. Nalisema hili mapema kwa sababu matangazo ya vyuo hupenda kuandika kwamba mtu wa fani yoyote anakaribishwa. Ni kweli anakaribishwa. Kukaa ndani ndiyo kazi.

Kuhusu mahali pa kusomea sitakaa sana. Chuo Kikuu cha Cape Town kina uzamili uliotengwa kwa teknolojia ya fedha. Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, kina kampasi Kigali tangu 2011, ambayo imejengwa zaidi juu ya uhandisi na TEHAMA, na wanafunzi wengi wa Afrika husoma pale kwa ufadhili wa Mastercard Foundation. Uingereza kozi nyingi ni za mwaka mmoja, jambo linalopunguza gharama za kuishi lakini halikupi nafasi ya kupumua, na wanaoomba ufadhili wa Chevening wajue kwamba wanatakiwa kuwa na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na kurudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Mimi nilikwenda Nairobi, Septemba 2021, kwa sababu ada ililingana na akiba yangu pamoja na mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na kwa sababu mama akiugua ningeweza kupanda basi la usiku nikapita Namanga na kuwa Dar kesho yake. Chuo sitakitaja jina, kwa kuwa nina manung'uniko nacho.

Manung'uniko yenyewe ni haya: muhula wa kwanza haukuwa kozi moja. Zilikuwa kozi mbili zilizopangishwa chumba kimoja. Jumatatu na Jumatano tulifundishwa fedha na mzee mmoja makini sana, aliyetutoa kwa Markowitz na mgawanyo wa uwekezaji wa 1952 akatufikisha kwenye kanuni ya Black na Scholes ya 1973 ya kukokotoa bei ya mikataba ya hisa, bila hata siku moja kugusa kompyuta isipokuwa kuonyesha slaidi. Jumanne na Alhamisi tulifundishwa Python, lugha ya kuandikia programu, na kanzidata na kijana hodari ambaye mifano yake yote ilihusu maktaba ya vitabu na orodha ya wanafunzi. Walimu hawa wawili walikuwa wakipishana ukumbini, na sidhani kama waliwahi kuonyeshana muhtasari wa masomo yao. Nilikuwa nimelipa ada ili nikae kwenye zile ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya nne, na chuo nacho kilikuwa na ghorofa zake mbili.

Mahali pa kwanza ambapo pande hizo ziligusana palitokea kwa bahati. Yule kijana wa Python alitupa zoezi la kukokotoa riba ya kila siku kwa akaunti elfu moja na kujumlisha. Nikaandika programu yangu, nikaiendesha, kisha nikafanya hesabu ile ile kwa njia niliyoizoea ya kihasibu, na majibu yakatofautiana kwa senti kadhaa. Wenzangu waliosomea kompyuta wakaniambia niachane nazo, ni senti tu. Mtu aliyewahi kusuluhisha hesabu haachani na senti, kwa sababu tofauti ndogo mara nyingi ni makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana. Nilimpelekea mwalimu, naye akafurahi kuliko nilivyotarajia, akaniambia niandike kwenye kompyuta 0.1 kujumlisha 0.2. Ikanijibu 0.30000000000000004.

Sababu yake, ukiisha kuelezwa, haina uchawi. Kompyuta huhesabu kwa misingi ya mbili, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa misingi hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu, ukiandika 0.333 lazima ukate mahali. Kwa picha au muziki mkato huo hauna madhara. Kwa pesa ni kosa, na kwa hiyo wanaojenga mifumo ya malipo huhifadhi kiasi kwa senti kama namba nzima, au hutumia aina ya namba iliyoundwa kwa ajili ya desimali. Lakini swali halikuishia hapo, na hapa ndipo nilipoanza kuona thamani ya ada yangu: riba ya siku ikitoka shilingi 13 na senti 69.86, ile senti isiyotimia ni ya nani? Ya mteja au ya benki? Hilo si swali la Python. Ni swali la mkataba, la sera ya uhasibu na la mkaguzi atakayekuja baada ya miaka mitatu, ila jibu lake linaandikwa kwenye mstari mmoja wa msimbo na mtu ambaye pengine hajui kwamba ametunga sera.

Jibu la swali langu la "mtandao" nililipata muhula wa pili, katika somo la mifumo inayotawanyika, yaani kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kwa kutumiana ujumbe. Mwalimu alieleza fumbo la majenerali wawili wanaotaka kushambulia mji kwa wakati mmoja huku wajumbe wao wakiweza kutekwa njiani, na kwamba hakuna idadi ya barua itakayompa kila mmoja uhakika kamili kuwa mwenzake amepata habari. Darasa liliandika. Mimi nilikuwa nimeshaondoka Nairobi kimawazo, niko Mbagala, kwenye duka la Mangi wa mtaani kwetu.

Mama amemtuma mtoto akakope sukari kilo moja, na nusu saa imepita mtoto hajarudi. Huenda hakufika dukani. Huenda amefika, sukari imeandikwa kwenye daftari la madeni, naye amekwama njiani akitazama mpira. Mama hawezi kutofautisha mambo hayo mawili, maana kote anachokiona ni kimya. Akimtuma mtoto wa pili, anaweza kudaiwa kilo mbili. Asipomtuma, chai itanywewa bila sukari. Ndivyo ilivyo kati ya benki na kampuni ya simu: ombi limetoka, jibu halijarudi, saa ya kusubiri imekwisha, na mfumo unaamua kutuma tena. Mteja aliyekatwa mara mbili ni mama aliyetuma watoto wawili.

Dawa yake Mangi anaijua bila kusoma. Mtoto wa pili akifika na kusema "nimetumwa ile sukari ya asubuhi ya Mama Asha", Mangi hufungua daftari, huona imekwisha kuandikwa, na humjibu kwamba mwenzako ameshachukua. Kinachomwokoa ni lile neno "ile", yaani ombi la pili limejitambulisha kuwa ni lile lile la kwanza. Katika mifumo, kila ombi hupewa namba ya kumbukumbu ya pekee na anayelirudia hulirudia kwa namba hiyo hiyo, ili upande wa pili utambue kwamba hili lilishafika na urudishe jibu la mwanzo bila kukata tena. Nilikaa pale nikazikumbuka zile asubuhi zangu. Kwenye mafaili yetu, ombi lililorudiwa lilikuwa linapewa namba mpya. Miaka minne niliegesha pesa za watu kwa sababu mtoto wa pili alikuwa anaambiwa aseme "naomba sukari" badala ya "ile sukari".

Baada ya hapo nikaanza kugombana na watu, kwa heshima. Kwenye kazi ya kikundi nilipangwa na kijana mmoja kutoka Kisumu, mwandishi wa programu mwepesi ajabu, ambaye kwa wikendi moja alijenga mfumo mdogo wa pochi ya simu. Nilipoufungua nikakuta kila mteja ana kisanduku kimoja cha salio. Ukituma 5,000, kisanduku chako kinapungua na cha mwenzako kinaongezeka, basi. Nikamuuliza, mteja akija kesho kudai kwamba salio lake si sahihi, utamwonyesha nini? Akasema atamwonyesha salio. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuzima taa za maktaba. Mimi nilishikilia kwamba salio haliandikwi, salio hutokana: kinachoandikwa ni maingizo, kila muamala na pande zake mbili, debiti na krediti, na hakuna ingizo linalofutwa; ukikosea, unaandika ingizo jingine la kurudisha ili kosa na marekebisho yake vyote vionekane. Luca Pacioli alichapisha utaratibu huo Venisi mwaka 1494, na yeye mwenyewe alikuwa akieleza desturi ya wafanyabiashara waliomtangulia. Kijana alinisikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema jambo lililoninyamazisha: "Sawa dada, lakini ukijumlisha maingizo yote ya mtu kila anapouliza salio, wateja milioni moja wakiuliza mwisho wa mwezi, mfumo wako utalala." Alikuwa sahihi. Mwishowe tulifanya yote mawili, leja, yaani daftari la maingizo yote, ndiyo ukweli na salio likawa nakala ya haraka inayokaguliwa dhidi ya leja kila usiku. Katika miaka yote miwili sidhani kama nilijifunza zaidi kuliko usiku ule, na haukuwa kwenye ratiba.

Kuna mkasa mmoja tuliousoma ambao bado huufikiria ninapoidhinisha mabadiliko ya mfumo. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya ya kununua na kuuza hisa kwenye seva zake nane, ila seva moja ikasahaulika. Kwenye seva hiyo msimbo wa zamani, ambao haukuwa na kazi tena, ukaamshwa na amri iliyokusudiwa msimbo mpya, ukaanza kununua na kuuza bila kikomo. Kwa muda wa dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Waandishi wa programu darasani walilaani utaratibu wa kuweka msimbo. Sisi wa fedha tuliuliza kwa nini hapakuwa na kikomo cha kiasi cha hisa kampuni inachoruhusiwa kushika, ambacho kingefunga mlango baada ya hasara ya kwanza. Mwalimu, ambaye safari hii alikuwa mmoja kwa somo zima, alituacha tupigane.

Mfano wa M-Pesa, kama ilivyotarajiwa, ulijitokeza katika kila somo mpaka tukauchoka, na bado nasema ndio mfano bora tulionao kwa sababu tumeuishi. Majaribio yalianza 2005 yakilenga kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wakaitumia huduma ile kutumiana pesa, na ilipozinduliwa rasmi Kenya mwezi Machi 2007 ikawa imebadilishwa kufuata walichokuwa wakikifanya watu. Tanzania ilifuata 2008. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa 2016, ulikadiria kwamba huduma hiyo iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini uliokithiri, karibu asilimia 2 ya kaya zote. Kilichonivutia zaidi, lakini, ni kitu kisichotangazwa: kila shilingi unayoiona kwenye simu lazima iwe na mwenzake katika akaunti ya amana benki. Wakala wa mtaani anayelia kwamba floti imekwisha haishiwi pesa. Anaishiwa upande mmoja wa leja. Wanafunzi waliotoka nchi zenye kadi za benki tangu zamani walihitaji mihadhara miwili kulielewa hilo. Sisi wa Dar na Nairobi tulilijua tangu siku tulipotumwa na wazazi kwa wakala na kurudi mikono mitupu.

Kwenye mradi wa mwisho nilichagua mikopo midogo, kwa sababu ya mama mmoja muuza samaki wa soko la Feri, Dar, rafiki wa familia, aliyekuwa amenaswa katika ile mikopo tunayoiita kausha damu. Mkopeshaji alimwambia ni shilingi 100,000, akampa 90,000 mkononi baada ya kukata ada, na baada ya mwezi akazitaka 100,000 kamili. Masikioni mwa mteja hiyo ni asilimia 10. Kwa hesabu, amekopa 90,000 na kulipa 10,000 juu yake, yaani asilimia 11.1 kwa mwezi, na akiuzungusha mkopo huo mwaka mzima, riba juu ya riba inafika kama asilimia 254. Nilimwonyesha kwenye karatasi. Akaitazama, akasema: "Mwanangu, samaki wa saa kumi alfajiri hawasubiri benki ifunguliwe." Sijawahi kupata jibu la hoja hiyo kwenye kitabu chochote cha fedha.

Taasisi moja ya mikopo ilinipa data iliyoondolewa majina, nami nikajenga modeli ya kutabiri nani atalipa. Mara ya kwanza ilipata usahihi wa asilimia 92 na nikampigia mama simu kumweleza kwamba mwanawe ana akili. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja: kati ya wasiolipa, imewakamata wangapi? Nikaangalia. Sifuri. Katika data ile wakopaji 92 kati ya 100 walikuwa wamelipa, na modeli yangu ilikuwa imejifunza kumjibu kila mtu kwamba atalipa. Hata hivyo upuuzi huo ulikuwa na faida, ukiuangalia kihasibu. Chukua mkopo kama ule wa mama wa Feri: anayelipa anakuachia 10,000, asiyelipa anaondoka na 90,000, kwa hiyo mmoja anameza faida ya tisa. Ukikopesha wote mia moja unapata 920,000 na kupoteza 720,000, na 200,000 inabaki mfukoni. Modeli yenye maana, basi, ni ile inayomkataa mtu ambaye uwezekano wake wa kutolipa unazidi moja ya kumi, na hiyo moja ya kumi haikutoka kwenye takwimu. Ilitoka kwenye bei ya mkopo. Bei ikishuka, mstari unasogea na watu wengine wanafungiwa nje. Anayejenga modeli bila kujua bei anapiga ramli, na anayepanga bei bila kuielewa modeli naye anapiga ramli, ila wa pili huvaa suti.

Kisha nikaona tatizo lililo chini zaidi. Data yangu ilikuwa na watu waliopewa mikopo tu. Waliokataliwa hawakuwemo, kwa hiyo modeli ilijifunza kutoka kwa waliokwisha kupita mlangoni na kutumiwa kuwahukumu waliobaki nje. Tena mama wa Feri, ambaye pesa zake huingia kwa wingi siku tatu na kukauka siku nne kufuatana na bahari, alionekana kuwa "asiyetabirika", wakati mtu wa mshahara mwenye madeni mahali pengine alionekana imara. Na wanawake wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume au la kaka. Mwandishi wa programu anaweza kuisafisha data kwa mwezi mzima asiyaone haya, kwa kuwa hayamo ndani ya data, yamo Feri.

Tukiwa katikati ya masomo, Machi 2022, Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, baada ya malalamiko mengi ya watu waliokuwa wakidaiwa kwa kuaibishwa, ndugu na mabosi wao wakipigiwa simu kutoka kwenye orodha ya majina iliyochukuliwa ndani ya simu zao. Kenya ilikuwa na sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Somo la sheria, ambalo wengi tulilichagua kwa sababu lilionekana jepesi, ghafla likawa ndilo lililowapatia kazi wenzangu watatu. Kuhusu blokucheni sina mengi ya kusema. Tulipewa nusu muhula, tukajifunza mawazo mazuri kuhusu leja isiyofutika, na tangu nirudi kazini hakuna aliyewahi kuniuliza chochote juu yake zaidi ya bei ya bitikoini.

Na kazi zenyewe? Matangazo ya ajira ya huku kwetu mara chache huandika kwamba yanamtaka mtu wa teknolojia ya fedha. Huandika mchambuzi wa hatari za mikopo, afisa wa kuzuia udanganyifu, meneja wa bidhaa za malipo, afisa uzingatiaji wa sheria, mchambuzi wa data, na ndani ya maelezo ndipo utakapoona kwamba wanamtaka mtu anayeweza kuuliza kanzidata kwa lugha ya SQL na pia kusoma mizania. Usaili wa kazi niliyonayo haukugusa cheti changu. Niliwekewa mezani mafaili mawili yasiyolingana na kuambiwa nina dakika arobaini. Nilicheka kwa sauti, na nadhani walishangaa.

Kwa hiyo nilimwambia yule binti asiombe mwaka huu. Akae mwaka mmoja zaidi kwenye usuluhishi wa hesabu, kwa sababu bila zile asubuhi mihadhara yangu mingi ingepita kama upepo. Ajifunze SQL kwa miezi hiyo, ambayo haihitaji ada, na amalizie mitihani yake ya CPA ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu, aliyoiacha katikati. Huenda hivyo viwili vikamtosha na uzamili asiuhitaji kabisa, jambo ambalo hakuna afisa udahili atakayemwambia. Akishaamua kwenda, asiulize chuo kina masomo mangapi ya akili mnemba. Aombe kuonyeshwa miradi ya mwisho ya wanafunzi wa mwaka uliopita, na aangalie kama kuna hata mmoja uliosimamiwa na mwalimu wa fedha na mwalimu wa kompyuta pamoja. Kama haupo, atakuwa amelipia ghorofa mbili, na ngazi atazijenga mwenyewe, kama nilivyozijenga mimi na kijana wa Kisumu chini ya taa za maktaba.

Alinisikiliza bila kusema kitu na nikadhani nimemkatisha tamaa. Jumatatu iliyofuata aliniletea taarifa ya Ijumaa niisaini, mistari kumi na minne isiyo na wenzake. Kwenye safu ya sababu, kwa mistari tisa ya kwanza, alikuwa amefuta neno "mtandao" na kuandika: "Ombi limerudiwa kwa namba mpya ya kumbukumbu." Kwa ile mitano iliyobaki alikuwa ameacha wazi, na pembeni ameandika kwa kalamu: "Dada, hizi bado sijajua. Naomba nipande ghorofa ya nne."